Kanga Aliyeolewa Ukutani

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni pakawa ya wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Sufuria?

Ya wenye nyumba.

Wali?

Wa wageni.

Na ukoko?

Wa msimulizi!

Haya, mmesema kwa midomo yenu wenyewe, na mimi ukoko wangu siusahau. Sogezeni kuni. Hadithi ya leo hakuna mwingine anayeijua kuanzia hapa hadi ng'ambo ya mto. Wapo wanaoujua mkia wake. Mimi ninayo yote, kichwa na miguu. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, lakini lugha ya ndege nilifaulu bila mwalimu.

Hapo zamani za kale, wakati kanga bado ana manyoya kichwani, laini, yamelala vizuri kama ya njiwa (kanga ndege ninayemsema, mama, si hiyo uliyojifunga), palikuwa na binti wa Kanga jina lake Madoa.

Kwao Madoa ni nyikani, kwenye majani mafupi na vumbi zuri la kuogea. Kanga ni watu wa kusema. Wanaamka wanasema, wanakula wanasema, wanaoga wanasema, na wote kwa pamoja. Na wanachosema ndicho hicho hicho. Kanga akisema ana njaa, ana njaa. Akikwambia ondoka, shika njia.

Kimya kwao kina maana moja tu: mwewe. Mmoja akinyamaza, wote hunyamaza. Wakinyamaza, hulala chini. Wakilala chini, humwomba Mungu. Ndiyo maana mtoto wa Kanga akinyamaza mama yake hamsifu kwa utulivu. Humpapasa kwanza kama yu hai.

Nyumba hawana. Kiota chao ni majani yaliyokanyagwa, na jirani akibanwa na yai hulitaga kwako, akakushukuru, akaenda zake. Mlango hawajui ni mdudu gani.

Sasa ng'ambo ya bonde, kwenye miti mirefu, ndiko wanakokaa Hondohondo. Mnamjua Hondohondo: mdomo kama jembe, juu ya mdomo pembe, hata akikaa kimya unamwona kama anataka kuhutubia. Hao ni watu wa staha. Neno kwao halitoki likiwa uchi, huvishwa nguo kwanza. Mgeni akiulizwa kama ana njaa husema ameshiba. Akisema ameshiba mara tatu, ndipo anapakuliwa mlima. Na yule aliyeshiba kweli? Huyo hunyamaza.

Basi kijana mmoja wa Hondohondo, jina lake Hondo, wazazi wake hawakujisumbua, alishuka nyikani kutafuta panzi. Akamsikia Madoa anasema. Madoa alisema asubuhi nzima: habari za mchwa, habari za shangazi yake, habari za jiwe fulani. Hondo akatua juu ya kichuguu akasikiliza. Kesho yake akaja tena akasikiliza. Keshokutwa akaja tena. Mara moja tu Madoa alikatisha neno katikati, akajilaza chini kimya, na kivuli cha mwewe kikapita juu yao. Kilipokwisha kupita, Madoa akaendelea palepale alipoachia, kwenye habari za jiwe.

Tangu aanguliwe, Madoa hajawahi kusikilizwa. Kwao kila mtu yumo kwenye kusema, wa kusikiliza atoke wapi? Akamtazama yule kijana aliyeinamisha mdomo wake mzito, akasema papo hapo, "Nitaolewa na wewe."

Hondo akainama zaidi akasema, "Mimi sifai."

Kwao hiyo ni ndiyo. Madoa kwa bahati hakuisikia, maana bado alikuwa anasema.

Akatafutwa mshenga. Mshenga akawa Kindi, kwa sababu Kindi hulala mtini na hula chini, watu wakasema huyu anajua kote kuwili. Na Kindi kwa chakula cha bure, hata angeambiwa akaoze jongoo na kuku angekwenda.

Bi Kereketa, mama yake Madoa, alimkaribisha karanga akamuuliza: hao watu wanalalaje? Kama ninyi, akasema Kindi. Wanakulaje? Kama ninyi. Wanazaa vipi, wanalea vipi? Kindi akameza kwanza.

"Kama ninyi tu, mama. Ndege ni ndege."

Akavuka bonde. Mama Hondo akamwekea kuyu zilizoiva mkuyuni akamuuliza yaleyale. Kindi akajibu yaleyale: kama ninyi, kama ninyi, kama ninyi tu. Ukitaka kuoza watu upesi, dawa ndiyo hiyo. Harusi ikawa, watu wakala, Kindi akala mara mbili, kwa upande wa mume na kwa upande wa mke.

Siku zikaenda. Mayai yakawa karibu. Mama Hondo akampeleka mkwewe kwenye tundu la mkuyu, tundu zuri, kavu, lenye maganda laini ndani. Akamwambia aingie apumzike. Madoa akaingia, akasifu, akasema habari za maganda. Akataga. Kuchungulia nje, anamwona mumewe amejaza tope mdomoni, anakandika mlango kama fundi.

Ngojeni niwaeleze, maana Kindi hakueleza. Kwa Hondohondo, mwanamke akitaga hufungiwa tundu kwa tope, naye mume humlisha kupitia ufa hadi watoto waanguliwe. Ukuta mnene ndiyo mapenzi. Mwanamke mwenye ukuta mwembamba huonewa huruma na majirani. Na sababu yake ni Kenge, aliyekaa kwenye mizizi ya mkuyu uleule na mayai alikuwa akiyapenda kuliko mama yake mzazi. Mbona Madoa hakuambiwa? Kwa sababu Hondohondo hawamtaji adui mbele ya mayai. Ni mwiko. Basi ukuta ukajengwa na sababu ikabaki mdomoni.

Madoa akaona giza linakuja. Akapaza sauti ya kwao, ile ya nyikani, akaimba:

*Hondo, Hondo, mume wangu,*
*ukuta unanibana;*
*toa tope, leta mwanga,*
*nione uso wa mama.*

Mama Hondo akafunga macho kwa raha. Kwao mke aliyelelewa vizuri hawezi kusema niongezee, angeonekana mroho wa mapenzi. Husema toa, na mume mwenye akili huongeza. Sawa na wewe unayesema nimeshiba huku jicho liko kwenye sufuria.

"Umemsikia?" akamwambia mwanawe. "Na watu walisema Kanga hawana adabu. Kandika."

Hondo akakandika. Ufa ukabaki wa kupitisha kuyu moja.

Madoa akaimba kwa nguvu zaidi. *Hondo, Hondo, mume wangu, ukuta unanibana.* Majirani wakatoka kwenye matawi kuja kusikiliza. Wazee wa Hondohondo wakasema adabu ya namna ile hawajaisikia tangu enzi za bibi zao. Hondo akakandika. Ufa ukabaki wa kupitisha panzi.

Madoa akaimba mpaka majani ya mkuyu yakadondoka. *Toa tope, leta mwanga.* Kuna mama mmoja alilia kabisa, akawaambia binti zake, mnaona wenzenu. Hondo akakandika kwa moyo wote. Ufa ukabaki wa kupitisha mchwa mmoja, naye ajibane.

Hapo ndipo mambo yalipofika, wenzangu. Kuyu haipiti. Panzi hapiti. Mchwa mmoja mmoja hamshibishi anayeatamia. Tope moja zaidi, na hata huyo mchwa angebaki nje, naye Madoa na mayai yake wangekuwa wamezikwa kwa heshima zote.

Jioni Hondo alikuja na mchwa wake. Madoa akaweka mdomo kwenye ufa akamuuliza taratibu, "Baba, mbona nikisema toa unaongeza?"

"Kwani hukusema toa?"

"Nilisema toa."

"Sasa ulitaka useme ongeza? Mbele ya mama? Mke wangu si mtu wa hivyo."

Madoa akavuta pumzi, na kule ndani pumzi zenyewe zilikuwa za kuhesabia. Akauliza, "Na yule anayetaka kweli tope litolewe, hufanyaje kwenu?"

"Hunyamaza," akasema Hondo. "Kila mtu anajua."

Wakakubaliana. Kesho yake Madoa anyamaze tangu alfajiri, jua likifika utosini Hondo ataubandua ukuta kidogo, na mama yake hatakuwa na neno, maana mila imefuatwa. Hondo akaondoka na furaha, akijiona ameoa mwanamke mwelewa. Mimi nasema alikuwa amemwoa tangu zamani, ila siku hiyo ndiyo alianza kuzungumza naye.

Lakini kuna jambo hawakulijua. Kila asubuhi Bi Kereketa alikuwa akipita chini ya mkuyu akichakura chakura, akisikiliza. Anasikia kelele za mwanawe kule juu, hapati neno moja, lakini kelele anazipata. Anarudi kwa wenzake anawaambia, mwanangu anasema, mwanangu mzima. Zile kelele zilizokuwa zikimfungia Madoa ndizo zilizokuwa zikimpa mama yake usingizi.

Asubuhi ile Bi Kereketa akapita. Kimya. Akachakura kidogo, akasikiliza. Kimya. Akainua shingo, akasikiliza kwa jicho na kwa sikio. Kimya.

Alikimbia mpaka nyikani bila kugusa majani. Jua halijapanda sana, ukoo mzima wa Kanga uko kwenye matawi ya mkuyu, wote wanasema, na wanachosema ndicho hicho hicho.

Sasa Mama Hondo alikuwa amemwambia mwanawe akae tayari na tope mdomoni, maana mke mwenye adabu huenda akakumbuka kulia. Bi Kereketa akatua mbele ya mkwewe akapiga hodi. Mkwe kimya. Akapiga hodi ya pili. Mkwe kimya, mdomo umejaa tope, shikamoo imekwama nyuma ya tope. Akapiga hodi ya tatu. Hondo akainama mpaka pembe yake ikagusa tawi.

"Mkwe ananiinamia kama mtu anayenipa pole," akasema Bi Kereketa. Akamgeukia Mama Hondo. "Dada, mwanangu yuko wapi?"

Mama Hondo alifurahi kutembelewa. Akajibu kwa unyenyekevu wote aliolelewa nao. Kwao mtu hajisifii mkwe mzuri mbele ya mama mzazi, hiyo ni dharau. Akasema, "Ah, dada, hapa kwetu hatuna mtu wa kutazamwa."

Ndugu zangu, mlipuko wa kanga mnaujua? Akinamama wakajitupa ukutani. Mwanangu hayupo, mwanangu wamemkandika, tuutoe mwili wetu. Wakadonoa tope kwa chini, vipande vikaruka. Mama Hondo akabaki mdomo wazi, hajui kosa lake liko wapi. Alikuwa amesema la heshima kuliko yote aliyonayo.

Ndani, Madoa anasikia yote. Hebu mfikirieni. Akinyamaza, mama yake anamlilia akiwa hai na vita vinaanza. Akipaza sauti, Hondohondo watasema analia kwa adabu, na tope la mwisho linapigwa. Kwa watu hawa sauti ni uhai, kwa wale sauti ni udongo. Kinywa ni kimoja. Angekuwa mmoja wenu angekaa kulia. Mimi ningetoka, lakini mimi ni mimi.

"Mama, nipo," akaita.

"Amelia," akasema Mama Hondo, amefarijika. "Kandika, mwanangu, kandika."

Hondo akainua mdomo wake na lile tope. Na Madoa, kabla halijamfikia, akachukua kichwa chake akakisukuma kwenye ufa. Tope la juu lilikuwa bado bichi. Kichwa kikapita. Manyoya hayakupita. Yalibaki kwenye ukuta, na shingo ikatoka nyekundu, ikatoka ya buluu, uchi kama ilivyozaliwa.

Basi wakawa hivyo: Hondo na tope lake mdomoni, na mbele yake kichwa cha mkewe kisicho na nywele, kinamtazama. Pa kukandika hapapo tena.

Kelele zilizotokea hapo sizisimulii. Bi Kereketa anamlaani Kindi. Mama Hondo anauliza mkwe gani huyu anayetoa kichwa nje kama kobe. Shangazi anauliza nani atamuoa sasa, akasahau kwamba ameshaolewa. Na Madoa anajibu wote kwa pamoja, anaweza, ni Kanga.

Halafu, katikati ya neno, Madoa akanyamaza.

Kanga wote wakanyamaza. Kanga wote wakalala juu ya matawi.

"Mnaona sasa," akasema Mama Hondo kwa sauti laini, "ametosheka."

Lakini Hondo alikuwa amekaa kwenye kichuguu asubuhi nyingi. Alikuwa amemsikiliza mwanamke huyu akisema habari za mchwa, za shangazi na za jiwe, na mara moja tu alimsikia akikatisha neno. Akakumbuka kivuli. Hakumtazama mama yake. Aliyafuata macho ya mkewe, akatazama chini.

Kenge alikuwa anapanda mkuyu. Kelele zote zile zilikuwa zimemfichia kucha zake. Alishafika kwenye tundu jipya, lile walilolidonoa akina Bi Kereketa kwa chini, ulimi unaingia na kutoka, mayai anayanusa.

Hondo akashuka na tope lake, akalibamiza kwenye tundu, puu. Kenge akalamba udongo.

Na hapo, wenzangu, nilipoyasikia haya nilicheka siku mbili. Mama Hondo, aliyelelewa asimtaje adui mbele ya mayai, akaitupa staha yake chini ya mti akapiga ukelele kama Kanga: "Kenge! Kenge! Kenge!" Na Bi Kereketa, aliyekuja kubomoa, akasimama juu ya tawi akamwamrisha mkwewe, "Kandika, baba, kandika. Ongeza. Ongeza."

Kanga wakashuka kwenye mizizi, wakampa mgongo Kenge, wakachakura. Vumbi la nyikani wanalijua matumizi yake. Macho ya Kenge yakajaa mchanga, mkia wake ukateleza, akashuka mti kwa njia ambayo hakuichagua. Hondo huku juu anakandika bila kutazama, tope huku, tope kule, na donge moja likamwangukia mkewe utosini. Jua likaja likalikausha.

Madoa alibaki hivyo hadi mayai yalipoanguliwa, kichwa nje, mwili ndani. Kichwa kinasema kikanga, mwili umetulia kihondohondo. Mume akileta kuyu, mama akileta mchwa, wote wanamlisha mdomo huohuo. Vifaranga walifanana na nani? Nilijua mtauliza. Kila ukoo ulisema wamefanana na wao, isipokuwa kelele. Hizo kila ukoo ulisema zimetoka upande wa pili.

Ukuta ulipovunjwa, Madoa akaenda kusalimia kwao. Wakamtazama: kichwa kipara, shingo buluu, utosini pembe ya udongo imekuwa ngumu kama mfupa. Wasichana wakaangua kicheko. Mmoja akamuuliza, "Wewe ni Kanga au Hondohondo?"

"Mimi ni Madoa," akasema. "Kule wakinyamaza najua wameshiba. Huku mkinyamaza najua nikimbie. Ninyi mkivuka bonde mtakufa kwa kutosikia."

Wakanyamaza. Siyo kwa mwewe. Hawakuwa na la kusema, jambo ambalo halijatokea tena. Na mwezi haujaandama, wasichana wote wa nyikani walikuwa wanasugua vichwa kwenye magome ya miti na kujipachika udongo utosini, wafanane naye. Ndiyo maana hadi leo kanga ana kipara na pembe. Uzuri, mnaona, huanza kwa kuchekwa.

Na Kindi? Walimtafuta pande zote mbili. Ndiyo maana kindi hakai mahali pamoja. Anaokota karanga, anatazama kulia, anatazama kushoto, anapanda mti, kwa kuhofia mtu atamuuliza swali la nne.

Basi mafunzo ni haya. Ukienda kuposa kwa watu, usiulize kama wako kama ninyi. Uliza wakinyamaza wana maana gani. Na atakayekujibu ndege ni ndege, usimpe karanga.

Hadithi yangu imetua kwenye tawi lake; mwenye nyingine airushe. Mimi nimemaliza, na sasa msiniulize kama nataka kitu.

Ah, hapana, mama. Nimeshiba. Nimeshiba kabisa. Nasema nimeshiba.

Mmesikia mara tatu. Leteni huo ukoko.